Radhi, udhuru au kisingizio: ukikosea, useme lipi?

Umekosea. Simu iko mkononi, umeandika "samahani" ukaifuta. Ukaandika "unajua jana kulikuwa na..." nayo ukaifuta, maana hata wewe mwenyewe ulipoisoma uliona haina mashiko. Mwenzako upande wa pili anaona tu neno "anaandika" likitokea na kupotea, likitokea na kupotea, mpaka anaweka simu pembeni.

Haya ni kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo. Nitalinganisha mambo matatu, si mawili, kwa sababu Kiswahili kinayatenganisha matatu ingawa sisi tunayachanganya kutwa: kuomba radhi, kutoa udhuru, na kutoa kisingizio. Udhuru na kisingizio watu huvitumia kama kitu kimoja, lakini havijazaliwa tumbo moja. Udhuru ni sababu ya kweli iliyokuzuia. Kisingizio ni sababu uliyoitafuta baadaye. Na kusingizia kuna maana nyingine ambayo kila aliyewahi kuchapwa kwa kosa la kaka yake anaijua: kumbambikia mtu jambo asilolitenda. Ndiyo maana mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jua limekaa zake huko juu, halina hili wala lile, tayari lina kesi.

Pole nimeiacha nje ya mizani, ingawa nitairudia, kwa sababu pole si radhi. Ukimwambia pole mtu aliyejikwaa njiani hujakiri kwamba jiwe uliliweka wewe.

Vipimo ninavyotumia

Nina maswali manne, na nitayauliza yaleyale kwa kila moja. Maneno haya yanamwomba mwenzako nini hasa? Yakishasemwa, mzigo unabaki kwa nani? Bei yake ni ipi, leo na baadaye? Na yakirudiwa kwa mtu yuleyule, yanakuwaje? Baada ya hapo nitasema yanamfaa nani.

Swali la nne ndilo ninaloliamini kuliko mengine. Mara ya kwanza yote matatu hufanana mno. Anayejuta, aliyekwama kwa kweli na anayekudanganya wote huja na uso uleule ulioinama na "samahani" ileile. Tofauti huanza kuonekana mara ya pili.

Kuomba radhi

Radhi ni hali ya moyo wa mwenzako. "Kunradhi" tumelitoa kwenye Kiarabu, na maana yake ni "kuwa radhi", yaani ridhika. Kwa hiyo unachokiomba hakimo mfukoni mwako. Kiko kwake, na ana haki ya kukunyima. Ukishaelewa hilo, unaelewa kwa nini radhi ni nzito mdomoni: unalitaja kosa kwa jina lake, unasema ni langu, halafu unasubiri. "Nilikuahidi nitakulipa tarehe tano, sikukulipa, na hela nilikuwa nazo. Niwie radhi." Hiyo ni radhi. "Kama kuna mahali nimekukwaza, samahani" siyo, kwa sababu hiyo "kama" imemrudishia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba alikwazika.

Mfano ulio wazi kuliko wote ninaoufahamu haukutokea nyumbani kwa mtu, ulitokea Afrika Mashariki hii yetu ndani ya siku mbili. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III wa Uingereza alisimama kwenye dhifa ya Ikulu ya Nairobi akazungumzia ukatili waliofanyiwa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru. Alitaja huzuni kuu na majuto makubwa, akasema vitendo vile havina cha kuvitetea. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, mbele ya wazawa wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao katika vita vya 1905 hadi 1907, vita ambavyo makadirio ya vifo vyake yanafika watu 300,000.

Zisome kauli hizo mbili pamoja. Ya Nairobi ilikikataa kisingizio waziwazi, na hilo si dogo. Lakini haikuomba kitu. Majuto ni mali ya mwenye kujuta. Unaweza kuyatoa ukayaonyesha, kisha ukayafunga ukarudi nayo kwenu. Ya Songea iliomba, na kilichoombwa kilikuwa mikononi mwa waliokaa pale wakisikiliza. Kwa Kiswahili cha sebuleni, Nairobi ilipewa pole nzito, Songea iliombwa radhi.

Tusimwonee Mfalme lakini. Mambo ya namna hiyo huyasema kwa ushauri wa serikali, na serikali yenyewe ilikwisha kuonyesha inaogopa nini. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alieleza bungeni majuto ya dhati juu ya mateso ya wakati wa Mau Mau, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kuhusu wadai 5,228, na katika hotuba ileile akasema serikali yake inaendelea kukana kuwajibika kwa vitendo vya utawala wa kikoloni. Hela zilitoka, radhi haikutoka. Songea radhi ilitoka, na fidia haikutangazwa siku ile. Mzee wa Mau Mau aliyelipwa na mjukuu wa Songea aliyeombwa radhi, kila mmoja ameshika nusu.

Hapo ndipo mzigo wa radhi unapoonekana. Ukiiomba, kosa linabaki kuwa lako mpaka mwenzako aseme vinginevyo, na anaweza asiseme. Bei yake ya leo ni kubwa: aibu, pengine hela, pengine kesi. Barabarani kwa mfano, masharti ya bima nyingi za magari yanamzuia mwenye gari kukiri kosa bila idhini ya kampuni ya bima. Kwa hiyo aliyegonga mtu akasema "kosa ni langu" kwa roho safi anaweza kujikuta amejiharibia hata uwezo wa kumlipia yule aliyemgonga. Bei ya baadaye ndiyo nafuu. Huna cha kukumbuka, huna cha kulinda, ukikutana naye sokoni huhitaji kuvuka barabara.

Ikirudiwa kwa kosa lilelile, radhi huchuja kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu. Rangi ipo, ladha hakuna. Anayekuja kila mwisho wa mwezi kuomba radhi kwa kodi ileile hajaomba radhi mara sita. Ameomba mara moja, nyingine tano ni salamu.

Inamfaa nani? Mtu ambaye kosa ni lake kweli na anataka kuendelea kuishi na huyo aliyemkosea: mke, mume, mzazi, rafiki, jirani wa mlango kwa mlango. Haimfai ambaye hajajua bado nani mkosaji. Na haiwafai wale, hasa sisi wanawake tuliolelewa kuomba radhi hata kwa kukalia kiti, ambao hutoa samahani kama chenji. Ukiomba radhi kwa lisilo lako, siku ya lililo lako neno litakuwa limekwisha nguvu.

Kutoa udhuru

Udhuru hauombi msamaha. Unaomba kupimwa kwa haki: usinihukumu kwa matokeo tu, tazama na kilichonizuia. Ni ombi la heshima kabisa, na wanaolidharau nadhani hawajawahi kuuguza mtoto usiku na kutakiwa kazini saa moja na nusu.

Dini inautambua, na sheria pia. Mgonjwa na msafiri wana udhuru wa kutofunga Ramadhani. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinapohesabu utoro kuwa kosa kubwa, kinamsema aliyekosekana bila ruhusa wala sababu halali. Mwenye sababu halali hayumo. Lakini tazama Ramadhani inavyoendelea. Yule msafiri aliyekula mchana hana dhambi, ila siku zake zinamngoja. Atazilipa katika siku nyingine. Udhuru umemwondolea lawama, deni haujaligusa.

Hilo la deni ndilo tunalolisahau. Mzigo wa udhuru hugawanyika vipande viwili: lawama inabaki kwa homa, au kwa daraja lililosombwa na mto, na kazi yenyewe inabaki kwako. Umeme ukikatika kweli kwa siku mbili, fundi hana lawama kwangu, lakini gauni langu bado analo na siku ya kulimaliza anatakiwa anitajie. Mtu anayetoa udhuru kisha akanyamaza, kana kwamba maelezo ndiyo malipo, amechukua nusu moja akaiacha nyingine mlangoni pangu.

Bei yake ni ushahidi na muda. Ushahidi unaeleweka: cheti cha daktari, tiketi ya basi, picha ya barabara iliyofurika. Muda ni mjanja zaidi. Udhuru ni kama samaki mbichi wa sokoni. Ukiutoa kabla ya tukio ni taarifa, na watu watakushukuru. Ukiutoa siku ileile ni udhuru. Ukiutoa baada ya wiki moja, hata kama ni wa kweli tupu, watu wameshaanza kuziba pua.

Ukirudiwa je? Hapa udhuru una tabia ya peke yake: unaweza kubaki wa kweli na bado ukaacha kuwa udhuru. Foleni ya ghafla kwa sababu lori limelala barabarani ni udhuru. Foleni ya kila asubuhi ya kuingia mjini ni jiografia. Unaijua, bosi wako anaijua, na daladala ya saa kumi na moja alfajiri ipo. Vivyo hivyo mama ambaye mtoto wake huugua kila wiki hasemi uongo, ila anachohitaji si kuendelea kueleza. Anahitaji kukaa na mkuu wake wapange upya zamu.

Jambo moja zaidi kuhusu udhuru, na ni la kiufundi tu: unavyounganishwa na radhi. Wengi wetu husema, "Niwieni radhi nimechelewa, lakini mtoto alipandwa na homa." Hiyo "lakini" inakula radhi yote iliyotangulia. Sema, "Nimewakalisha, niwieni radhi. Mtoto alipandwa na homa usiku, ndiyo nimetoka hospitali sasa hivi." Maneno karibu yaleyale, na hakuna kinachokuwa kimeliwa.

Unamfaa nani? Aliyezuiwa kwa kweli, na ambaye anayemsikiliza atafanya uamuzi kwa kutegemea maelezo hayo: mwalimu, mkuu wa kazi, hakimu, mteja, mdai. Unamfaa pia mtu ambaye kunyamaza kwake kutadhaniwa kuwa dharau. Haumfai anayezungumza na mtu aliyeumia ambaye bado analia. Huyo mpe muda. Sababu atazitaka mwenyewe akishatulia, na asipozitaka usimlazimishe.

Kutoa kisingizio

Hapa nitakaa kidogo, maana hiki nakijua kwa karibu.

Kikoba chetu tuko wanawake 25. Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti ili asipatikane wa kulifungua peke yake. Ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi. Tunakutana Jumamosi saa kumi. Jumamosi moja nilifika saa kumi na mbili kasoro. Sanduku liko juu ya meza, kufuli mbili zimeshafunguliwa zinaning'inia, ya tatu imebana. Wenzangu wamelizunguka, wengine watoto mgongoni, mmoja wao anasubiri mkopo wa ada ili Jumatatu mwanawe asirudishwe. Nikaweka pochi chini nikasema, "Jamani, foleni! Acheni tu."

Mama mmoja mtu mzima, anayetokea upande uleule ninaotokea mimi, akaniuliza kwa upole, "Foleni ya wapi, mwanangu? Mimi nimepita hapohapo saa tisa na nusu, daladala ilikuwa inateleza tu."

"Ilianza baadaye, mama, ukishapita."

Umeona? Cha kwanza hakijakauka, kimeshazaa cha pili. Nikalipa faini ya kuchelewa, nikafungua kufuli, hisa zikanunuliwa, mambo yakaisha.

Na ukitaka kukitendea haki, hicho ndicho kisingizio kinachoomba: mambo yaishe. Hakimwombi mwenzako asamehe, wala apime. Kinamwomba asiulize zaidi. Kwa siku ile kilinifanyia kazi yote niliyokituma.

Mzigo wake huenda kwa asiyekuwepo. Foleni, umeme, mvua, mtandao, chaji. Tunapenda vitu visivyo na mdomo, na tunajiambia havidhuriki. Lakini orodha haiishii hapo. Inafika kwa konda, kwa mtoto mdogo, kwa dada wa kazi. "Nilimwambia anikumbushe." Wako wasichana waliorudishwa kwao kwa chumvi ambayo hawakuitia.

Bei yake leo ni bure kabisa, na ndiyo sababu kinauzika. Deni lake linakuja kwa mlango wa nyuma. Kwanza itabidi ukumbuke ulimwambia nani nini. Pili, na hili ndilo baya, kinakula udhuru wako wa kesho. Siku foleni ya kweli itakaponikamata, neno la kuielezea nitakuwa nimeshalitumia.

Kuhusu kukirudia, nilifundishwa na fundi nguo. Nilimpelekea kitambaa cha sare ya harusi wiki tatu kabla. Nilipofuata mara ya kwanza: "Dada, umeme." Mara ya pili: "Dada, ovaloki imekufa, fundi wake anakuja kesho." Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa jioni, harusi kesho. "Dada yangu, kijana wangu amefiwa, nimebaki peke yangu." Anasema hivyo mimi macho yako rafuni nyuma yake. Kitambaa changu kiko palepale, ndani ya mfuko uleule wa dukani, na fundo nililolifunga kwa mkono wangu halijafunguliwa.

Sikumgombeza. Nilikuwa nimeishiwa hata maswali. Angeniambia siku ya kwanza, "Dada, nimepokea kazi nyingi, yako sijaigusa," ningechukua kitambaa nikaenda kwingine, na mwezi uliofuata ningerudi na kingine. Ila kinachonirudia mpaka leo ni kitu kingine. Yule kijana huenda alifiwa kweli. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa siku ile. Sikutoa hata pole, kwa sababu nilishazoea kutoamini kinachotoka mdomoni mwa bosi wake.

Pamoja na hayo, kisingizio kina mahali pake pa halali, na ningekuwa mwongo nisipolisema. Mahali hapo panaitwa stara. Umealikwa shughuli ambayo hutaki kwenda: "Nitakuwa na wageni" inatosha, na mwenyeji akisikia anaelewa, naye hakutaka ukweli. Umekuta wenyeji wako wana chakula kidogo: "Nimetoka kula sasa hivi." Msichana ameng'ang'aniwa namba ya simu kituoni usiku: "Mume wangu anakuja kunichukua," hata kama hana mume. Funika kombe mwanaharamu apite. Katika mifano yote hiyo hakuna aliyekosewa, hakuna anayedai, na ukweli mtupu ungemuumiza mtu au kumhatarisha. Kisingizio kinamfaa anayekataa jambo, au anayejilinda. Tatizo huanza pale ambapo kuna mtu ameshakaa masaa mawili mbele ya kufuli.

Kwa hali yako, basi

Kama unadaiwa hela na siku imepita, anza na radhi fupi, kisha tarehe mpya na kiasi, na sababu iwe ya mwisho. Mdai husikiliza tarehe kwanza. Ukianza na historia ya matatizo yako atakuonea huruma dakika tano, kisha atahesabu kwamba hela hujaitaja.

Kama ni kazini na ulizuiwa kweli, nenda na udhuru mapema, kwa maandishi, na useme kazi iliyolala utaimaliza lini. Radhi ndefu kwa mkuu wa kazi mara nyingi humpa wasiwasi. Ataanza kujiuliza umeharibu nini kingine ambacho hajakiona.

Kama umegonga au mmegongana, shuka, mtazame mtu kabla ya gari, uliza ameumia wapi, mpe pole na umsaidie kufika hospitali. Nani mkosaji waachie trafiki na bima. Pole ilitengenezwa kwa saa kama hiyo. Inabeba utu wote bila kuandika hukumu.

Kama uliyemkosea ni mzazi au mtu mzima wa ukoo, ujumbe wa simu hautoshi hata ukiupamba. Nenda mwenyewe, na ikiwa jambo ni zito tanguliza mtu mzima mwenzake akuandalie njia. Kaa chini, lisikilize lote mpaka liishe, hata sehemu anazozidisha. Udhuru wako, hata kama ni wa kweli, uache kwa yule uliyemtanguliza auseme kwa niaba yako. Ukiusema wewe utasikika kama ubishi. Kwetu mtu huomba radhi za wazazi kabla ya safari, kabla ya ndoa, na hakuna anayetaka kuziacha zikining'inia kwa sababu alikuwa na hoja nzuri.

Kama uliyemkosea ni mtoto wako, radhi, fupi, papo hapo. "Nimekuchapa kwa kosa ambalo si lako. Nimekosea." Watoto hawahitaji kusikia kwamba ulikuwa umechoka. Wanajua, wanaishi na wewe.

Kama hukumkosea mtu, unataka tu kukataa mwaliko au kumkwepa mtu, chukua kisingizio chako uende nacho kwa amani. Kiwe kifupi, na kisimtaje mtu mwenye mdomo.

Na kama umeshatoa kisingizio mahali ambapo ilitakiwa radhi, bado unaweza kurudi, ingawa utalipa zaidi ya mara ya kwanza. Jumamosi iliyofuata mimi nilifika saa tisa na nusu. Tulipomaliza kuitwa majina nikasimama. "Wenzangu, Jumamosi iliyopita sikuwa kwenye foleni. Nilikuwa saluni, chini ya draya, na mlikaa mkinisubiri karibu masaa mawili. Niwieni radhi."

Pakawa kimya. Kisha yule mama akasema, "Tulijua, mwanangu. Nywele zilikuwa zinanukia dawa."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Halafu mwenyekiti akaitisha kura, ufunguo akapewa mwingine. Mimi nikapewa daftari la mahudhurio, kazi ambayo inamtaka mwenye nayo awe wa kwanza kufika.